Nimeokoka, Mbona Bado Naanguka?

Mnada wa samaki pale Malindi, mjini Unguja, huchangamka mapema. Kuna kijana mmoja ninayemfahamu ambaye hufika hapo kila Jumatano kulinunulia samaki jiko la hoteli moja ya shamba: changu, pweza, siku nyingine nguru mzima. Bei ikishapatikana na pesa zikishahesabiwa, muuzaji hufungua kitabu cha risiti, hupachika kaboni, halafu huuliza kwa sauti ile ile aliyoulizia kama samaki watiwe kwenye mfuko au kwenye ndoo: "Niandike ngapi?"

Wote wawili wanajua zimelipwa ngapi. Kinachoulizwa ni ofisi iambiwe ngapi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo cha juu, na katika kazi ya manunuzi cha juu kimezoeleka mpaka asiyekichukua ndiye anayetazamwa kwa mashaka.

Kijana huyu kwao ni Muheza. Alizaliwa katika nyumba ya Kianglikana, akavuka kuja Unguja kutafuta maisha kama vijana wengi wa bara, na akaingia darasa langu la kipaimara akiwa tayari mtu mzima. Jioni moja wenzake walipoondoka yeye alibaki kwenye benchi, kofia inazunguka mikononi. "Mama," akaniambia, "mimi nadhani sijawahi kuokoka. Jumapili natubu, nalia kabisa. Jumatano naulizwa niandike ngapi, nasema ongeza elfu kumi. Mtu aliyeokoka anafanya hivyo miezi minane?"

Sikumjibu pale pale. Swali lake ni maswali matatu yaliyofungwa fundo moja, na fundo la namna hiyo ukilivuta kwa pupa linazidi kukaza. La kwanza, kuokoka kunabadilisha nini hasa. La pili, kwa nini dhambi inabaki ndani ya mtu anayempenda Mungu kweli. La tatu, ambalo ndilo linalomnyima usingizi, je, kuna idadi ya kuanguka ambayo mtu akiifikisha mlango unafungwa? Nimeyasikia maswali haya kwa wengi, kuanzia mabinti wa kwaya hadi wazee wa kanisa, na mara nyingi wanajibiwa kwa kukemewa au kwa kupigwapigwa bega. Yote mawili hayamsaidii mtu siku ya Jumatano.

Tuanze na Paulo, kwa sababu yeye hakuficha. Katika Warumi sura ya 7 anaandika: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Kwa karne nyingi wafafanuzi wamebishana ni nani huyu anayesema "mimi". Wako wanaosema Paulo anaigiza sauti ya mtu aliye bado chini ya Torati, kabla hajamjua Kristo. Agostino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, aliamini hivyo hapo mwanzoni, kisha akageuka na kusema kwamba hapo anasema mwamini mwenyewe. Mimi niko pamoja na Agostino wa uzeeni, na sababu yangu ni mstari wa 22, ambapo msemaji anasema anaifurahia sheria ya Mungu kwa utu wa ndani. Mtu ambaye Roho hajamgusa huweza kuiogopa sheria ya Mungu, huweza hata kuitetea mbele za watu. Kuifurahia ni jambo jingine.

Hapo ndipo panapoanzia faraja, na watu wengi wanapapita mbio. Nilimuuliza yule kijana: kabla hujaanza kuja kanisani kwa dhati, ulikuwa unachukua cha juu? Akasema ndiyo. Ulikuwa unalia? Akacheka kidogo. Hapana, alikuwa analala vizuri tu. Basi kitu fulani kimebadilika, nikamwambia. Vita ndani yako ni habari mpya. Nyumba yenye mwenyeji mmoja haina ugomvi. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba mwili hutamani ukishindana na Roho, na Roho kushindana na mwili. Ukisikia mshindo wa mapigano, jua wamo wawili.

Tangazo na mwendo

Juma lililofuata nilimpeleka Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kristo. Sikumpeleka kutalii, yeye hulipita kila siku. Nilitaka tukae pale kwa sababu ardhi ile inafundisha Warumi sura ya 6, ile inayosema juu ya utumwa wa dhambi, kuliko niwezavyo mimi.

Wengi tunakumbuka mwaka 1873. Tarehe 5 Juni Sultani Barghash alikubali mkataba na Waingereza, masoko ya watumwa yakafungwa, na siku ya Krismasi mwaka huo huo Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wakaweka jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale palipokuwa soko. Habari hiyo ni ya kweli na inagusa moyo. Lakini mkataba wa 1873 ulifunga soko na biashara ya baharini. Haukumwachia huru mtu aliyekuwa tayari anapalilia mikarafuu ya bwana wake. Na hata baharini kazi iliendelea usiku. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika zaidi, na majahazi yakawa yanavusha watu kwa siri kwenda huko kwenye mashamba. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa meli ya HMS London aliuawa karibu na Pemba akijaribu kulisimamisha jahazi la namna hiyo. Miaka minane baada ya soko kufungwa!

Kisha ikaja amri ya tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud. Kuanzia siku ile mahakama za Unguja na Pemba hazikutakiwa tena kutambua kwamba mtu ni mali ya mtu. Kisheria utumwa ulikwisha. Lakini ilimpasa mtu aende mwenyewe mahakamani akadai uhuru wake, na wengi hawakwenda, au walikwenda baada ya miaka. Wengine waliogopa, kwa kuwa aliyeachiwa alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Wengine walifanya mapatano na bwana wakabaki kwenye shamba lile lile. Masuria waliachwa nje ya amri ile kabisa, mpaka ilipotoka nyingine mwaka 1909. Naandika haya kwa uangalifu, maana katika visiwa hivi tunaishi pamoja wajukuu wa pande zote mbili, na maumivu haya si hadithi ya kuchezea.

Mtu aliyeamka asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1897 kwenye kibanda kile kile, akamsikia yule yule aliyemwita mwaka jana akimwita tena, mwili wake ungefanya nini? Ungeinuka. Miguu ingekwenda kabla akili haijakumbuka. Je, kuinuka kule kulimaanisha kwamba amri haikutolewa? Hapana. Ilikuwa imetolewa. Aliyekuwa akiita hakuwa tena na haki ya kuita. Kilichobaki ni mazoea, woga, na sauti inayojua jina lako.

Ndivyo walimu wa imani wanavyotofautisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Kuhesabiwa haki ni tangazo: Mungu, kwa ajili ya Kristo, anamhesabu mwamini kuwa hana hatia, mara moja, pasipo malipo. "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu," anasema Paulo mara tu baada ya kilio cha sura ya 7. Utakaso ni mwendo: mtu yule yule aliyetangazwa huru anajifunza, siku kwa siku, kutoinuka akiitwa na bwana wa zamani. Wakatoliki huyafungamanisha mawili haya kwa karibu zaidi, Walutheri hupenda kuyatenga na kusema mwamini ni mwenye haki na papo hapo mwenye dhambi, na ndugu zetu wa mapokeo ya Wesley, yaani Wamethodisti, husisitiza kwamba utakaso unaweza kufika mbali sana hapa hapa duniani. Tofauti hizo ni za kweli, lakini hakuna hata upande mmoja unaosema kwamba siku ya kuokoka ndiyo siku ya mwisho ya kupigana.

Mfano wangu una mahali unapokatika, na lazima niseme. Mahakama ya 1897 ilimtaka mtu athibitishe kwanza ana pa kukaa. Kristo hamuulizi mtu hilo. Anamfungua kwanza, kisha anampa makazi. Kijana wangu alikuwa ameugeuza utaratibu: alidhani Jumatano moja safi ndiyo hati ya kumfikisha mbele za Mungu, na kwa kuwa Jumatano safi haikuja, hakufika. Dhambi hupenda sana mpangilio huo, kwa sababu mtu anayesubiri kuwa msafi ndipo aende kisimani atakufa na kiu yake na uchafu wake.

Marejeo ni ngamani

Mimi nililelewa Weti, Pemba, kwa babu aliyekuwa na mashua. Wasomaji wa pwani wanaijua methali: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Unaweza kutembea nyuma na mbele ya chombo upendavyo, mwisho utarudi pale chini katikati, kwenye ngama, ambapo maji yanayovuja hujikusanya. Watu huitumia kwa maana nyingi. Mimi nikiisikia namkumbuka babu ameinama pale chini na galoni la plastiki lililokatwa, anafua maji. Wazee waliomtangulia walitumia upo wa mti. Kazi ni ile ile.

Nikiwa mtoto nilidhani mashua yetu ni mbovu. Nilimuuliza kwa nini hanunui isiyovuja. Akanieleza kwamba chombo cha mbao lazima kionje maji. Mafundi hutia kalafati, pamba na mafuta, wakaziba kila mshono, na bado maji yatajipenyeza. Nahodha mwema si yule ambaye ngama yake ni kavu. Ni yule anayejua ngama yake ina maji kiasi gani. Akaniambia na jambo jingine ambalo nililielewa nilipokuwa mkubwa: chombo kinachovuja zaidi ni kile kilichokaa pwani muda mrefu. Kikipandishwa mchangani, mbao hukauka, hunywea, mishono hufunguka. Ukikishusha siku hiyo utadhani kimetobolewa. Dawa yake ni kukiacha majini, ukifua, ukifua, mpaka mbao zivimbe na mishono ijifunge yenyewe.

Nimeona hayo kwa waamini wengi, nikiwemo mimi. Mtu anaanguka, anaona haya, anajitenga na kanisa "mpaka nijirekebishe". Anakaa mchangani. Kadiri anavyokaa ndivyo anavyokauka, na akirudi baada ya nusu mwaka anajikuta anavuja kila mahali, hasira, tamaa, uchungu, vitu ambavyo awali havikuwa tatizo. Halafu anasema: unaona, mimi si wa kanisani.

Waraka wa kwanza wa Yohana umewatesa watu kwa sentensi moja: kila aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Mtu akiisoma peke yake anazimia. Lakini barua ile ile, sura ya kwanza, inasema tukijidai hatuna dhambi twajidanganya wenyewe, na kwamba tukiziungama yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Mwandishi hakusahau alichoandika ukurasa mmoja nyuma. Wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba katika Kigiriki kitenzi cha sura ya 3 kinabeba maana ya jambo linaloendelea, la mtu aliyefanya dhambi kuwa kazi yake na makao yake. Kuna tofauti kati ya maji kuwemo ngamani na nahodha aliyeamua kutofua.

Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu kuna upande wa pili. Wapo wanaosikia habari ya neema wakalala. "Sisi sote ni wenye dhambi," wanasema, na sauti yao haina maumivu yoyote. Paulo alikutana nao na akawajibu kwa ukali: tudumu katika dhambi ili neema izidi? Hasha! Mtu asiyefua kabisa, akajisifu kwamba anaamini mbao, atazama na mbao zake. Kama wewe unachukua cha juu na unalala vizuri, makala hii haikuandikwa kukutuliza. Nakuombea upoteze usingizi.

Nusu dakika ya mnadani

Turudi Malindi, kwa sababu vita haipiganwi katika vitabu vya theolojia. Yakobo anaeleza hatua zake kwa mfano wa uzazi: mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe, tamaa ikichukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Maana yake ni kwamba kujaribiwa si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Kijana wangu alikuwa anajihukumu kwa sababu swali lile likiulizwa moyo wake unaruka. Nikamwambia kuruka kwa moyo si deni. Deni linaandikwa baadaye.

Tukalipitia tukio polepole, kama fundi anayefungua mashine. Swali linaulizwa. Kuna kimya cha pumzi mbili. Ndani ya kimya kile anafikiria kodi ya chumba, anafikiria pesa anazotakiwa kumtumia mama yake Muheza, anafikiria kwamba wenzake wote wanachukua. Halafu anasema "ongeza". Tulipofika hapo nikamuuliza: uamuzi unaufanya ndani ya zile pumzi mbili? Akafikiri sana. Akasema hapana, mama. Naufanya Jumanne usiku. Jumanne usiku, kitandani, huwa ameshazigawa zile elfu kumi, hii ya vocha, hii ya nauli. Akifika mnadani mtoto ameshazaliwa zamani. Pale anapewa jina tu.

Hilo lilitusaidia kuliko mahubiri kumi. Paulo anapowaambia Warumi wasiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake, anazungumzia Jumanne usiku. Na anaposema katika sura ya 8 kwamba mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho mtaishi, neno "kufisha" ni la kazi ya mikono, ya kurudiarudia, na linafanywa "kwa Roho", yaani kwa kuomba hasa, kwa jina la jambo lenyewe. Wengi tunaomba "Bwana nisamehe dhambi zangu" kwa jumla, kama anayepeleka bili bila kuandika bidhaa. Omba: Bwana, kesho saa kumi na mbili u nusu nitaulizwa niandike ngapi.

Yangu mimi ni kinyongo. Ndugu yangu wa damu alinidhulumu jambo la urithi, miaka tisa sasa, na kuna asubuhi naamka nimeshamhukumu kabla sijanawa uso. Nimemsamehe pengine mara mia nne. Zamani nilidhani hizo mara mia nne zinathibitisha kwamba sikusamehe hata moja. Sasa nazihesabu kama galoni.

Waliorudi

Linabaki swali la usiku: je, naweza kufika mahali pasiporudika? Waebrania sura ya 6 inasema haiwezekani kuwafanya upya tena watubu wale waliokwisha kupewa nuru wakaanguka. Nimeona mtu mzima akitetemeka mbele ya aya hiyo.

Barua ile waliandikiwa watu waliokuwa wanafikiria kumwacha Kristo kabisa, kwa kuchoshwa na mateso, wafunge ukurasa na waseme hatumjui. Onyo lake ni la kweli, na lilitolewa ili wasifanye hivyo. Halimwandami mtu anayelia kwa kuwa amemkosea Yule asiyetaka kumwacha. Wachungaji wamesema tangu zamani kwamba anayeogopa sana kuwa ameufikia mlango uliofungwa, woga wake wenyewe unaonyesha bado yuko ndani ya nyumba.

Kanisa la Afrika lilikwisha kulipigania jambo hili hadharani. Mwaka 249 Kaisari Decius alitwaa utawala, na muda mfupi baadaye akaamuru kila mtu katika dola ya Roma aitolee miungu sadaka na apewe hati ya kuthibitisha. Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, Wakristo wengi walianguka. Wengine walitoa sadaka kweli. Wengine hawakutoa, bali walimpa afisa pesa awaandikie hati ya uongo kwamba wametoa. (Niliposoma habari hiyo nilimfikiria yule kijana na kitabu chake cha risiti.) Dhiki ilipopoa, walioanguka wakaja milangoni wakilia. Wapo waliotaka wasipokewe kamwe. Huko Roma, padri mmoja, Novatiano, alishika msimamo huo mpaka akajitenga. Wapo waliotaka wapokewe siku ile ile, bila kuulizwa. Askofu Cyprian na maaskofu wenzake walikutana Karthago mwaka 251 wakaamua njia ngumu kuliko zote mbili: warudi, lakini kwa njia ya toba, kwa muda, kila mmoja kwa kadiri ya kuanguka kwake. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya Kristo mwaka 258.

Neno letu "toba" linatokana na Kiarabu, na shina lake ni kurudi. Majirani zetu Waislamu wanalitumia kila siku na wanalijua hivyo. Toba si kujisikia vibaya. Yuda alijisikia vibaya. Alirudisha hata vile vipande thelathini vya fedha. Usiku Yesu alipokamatwa Petro alimkana Bwana mara tatu, naye akalia. Sitaki kupima machozi ya nani yalikuwa mazito. Ninachokiona ni kwamba Yuda alikwenda na majuto yake peke yake, na Petro alikuwemo miongoni mwa wenzake ufufuo ulipotangazwa. Na kabla ya yote Yesu alikuwa amemwambia: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Hakuomba Petro asianguke. Aliomba imani isitindike, isikatike mpaka mwisho, na akampa kazi ya kufanya atakapoongoka.

Kama mwamini wa kweli anaweza kupotea kabisa, hapo Wakristo hawakubaliani. Walioshika mafundisho ya Calvin wanashikilia Yohana 10, kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo katika mkono wake. Wakatoliki, Wamethodisti na Wapentekoste wengi wanasema mtu anaweza kuuacha mkono huo kwa hiari. Nimesikiliza pande zote kwa miaka. Kwa mtu aliye katikati ya vita, zote mbili zinamwambia neno moja leo: shika, na umwombe akushike. Wafilipi 2 inaagiza tuutimize wokovu wetu kwa kuogopa na kutetemeka, na pumzi hiyo hiyo inasema ni Mungu atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Sijaona faida ya kuikata sentensi hiyo katikati.

Sitara na siri

Kuna ugumu mmoja ambao ni wa kwetu hasa. Zanzibar ni nchi ya sitara. Tunafundishwa tangu utoto kumstiri mwenzio, kutotoa ya ndani nje, na hilo ni jema; nalipenda. Sisi Wakristo tuko wachache sana visiwani, na mtu mmoja akiaibika tunahisi tumeaibika sote mbele ya majirani. Kwa hiyo kila mtu anaficha yake. Lakini kumstiri mwenzako ni kitu kimoja, na kujificha mwenyewe ni kingine. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Yakobo anasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana tupate kuponywa. Kanisa letu hapa halikukosa mahali pa kufanyia hivyo. UMCA walikuwa Waanglikana wenye mapokeo ya Kikatoliki, na ungamo la faragha mbele ya padri, anayefungwa asitoe neno, limekuwepo tangu zamani zao, kama lilivyo kwa jirani zetu wa Minara Miwili, kanisa kuu la Kikatoliki. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini kule Rwanda katika miaka ya 1930, ulileta namna nyingine: kutembea nuruni, ndugu kumwambia ndugu yaliyomshinda wiki hii. Sijali sana ni njia ipi. Ninajali kwamba wengi wetu hatutumii hata moja.

Kila mwaka Ramadhani naona kitu kinachonifundisha. Mji mzima unafunga. Hakuna anayeambiwa apambane na tumbo lake peke yake. Anafunga akijua nyumba ya kulia na ya kushoto zinafunga, na jua likizama wanafuturu pamoja. Sisi tumeifanya vita dhidi ya mwili kuwa jambo la mtu na mto wake wa usiku, kisha tunashangaa tunashindwa.

Basi tulikubaliana hivi. Alikwenda kwa padri akaungama, jambo kwa jambo. Na kwangu akaahidi kitu kidogo: kila Jumatano akitoka mnadani anipigie risiti picha anitumie kwa WhatsApp, na pembeni aandike alicholipa kweli. Jumatano ya kwanza, alinisimulia, muuzaji aliuliza kama kawaida, yeye akasema, "Andika nilichokulipa, kaka." Yule bwana akamtazama, akaandika, akachana karatasi. Hakukuwa na ngurumo.

Wiki tano picha zilikuja. Ya sita ilikuja na tarakimu mbili zisizolingana, na ujumbe: "Mama, nimeanguka, nakutumia hivyo hivyo." Niliisoma jikoni nikashukuru, maana zamani asingetuma. Za miezi minane ile bado hajapata ujasiri wa kumwambia mkubwa wake wa kazi. Habari ya Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha alichodhulumu, iko mbele yetu na tunaisoma pamoja, lakini sitajifanya kwamba jambo limekwisha. Ana kazi ya kupoteza, na mama wa kumlisha.

Jumatano iliyopita picha haikuja. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Adhuhuri nilitoka nje kwenye baraza, nikampigia.